Kujiamini kutumia kondomu hakupimwi kwa swali moja

Mhariri,

Madodoso mengi ya afya ya uzazi humuuliza kijana, "Je, unajiamini kutumia kondomu?" Akijibu ndiyo, karani anaweka tiki na kusonga mbele. Jibu hilo halisaidii kitu. Kuna anayeivaa vizuri lakini hathubutu kuinunua dukani watu wakimtazama. Mwingine huinunua bila haya, akishakunywa hakumbuki kuwa anayo mfukoni. Na kwa mwanamke suala kubwa ni kama anaweza kumwambia mwenzi wake "bila kondomu, hapana" na akasikilizwa.

Kipimo cha kujiamini kutumia kondomu cha watafiti Brafford na Beck cha mwaka 1991, kilichotungwa kwa wanafunzi wa vyuo Marekani, kina kauli 28, kila moja ikipewa alama 0 hadi 4, jumla 112. Ndani yake zimo kauli za kinyume, kama zile za kuhofia mwenzi atanifikiriaje. Alama za kauli hizo lazima zigeuzwe kabla ya kujumlisha, 4 iwe 0 na 3 iwe 1. Zisipogeuzwa, mwenye hofu anahesabiwa jasiri. Tena jumla peke yake inaficha mengi: alama 70 za mtu asiyejua kuivaa si sawa na 70 za mtu asiyeweza kumkatalia mwenzi.

Mhojiwa ajaze mwenyewe, faraghani, la sivyo atajibu ya kumpendeza anayemuuliza. Akishamaliza, na si kabla, apewe kondomu na sanamu ya uume aonyeshe. Hapo ndipo makosa huonekana: hasomi tarehe ya mwisho wa matumizi, anafungua kwa meno, habani chuchu ya kondomu kutoa hewa, haikunjui hadi kwenye shina. Akiiweka upande usio wake, anaigeuza na kuendelea, wakati inapaswa kutupwa na kuchukuliwa nyingine kwa sababu huenda imeshagusa majimaji. Muulizeni pia kuhusu kilainishi. Akitaja Vaseline au mafuta ya nazi, hajui kwamba mafuta hudhoofisha mpira wa latex.

Anayetutia wasiwasi zaidi ni yule mwenye alama za juu kwenye karatasi na mkono unaokosea kwenye sanamu, maana huyo hataomba kufundishwa. Tunawaomba wanaoandaa madodoso watenge nafasi ya alama zote mbili, za karatasi na za sanamu, wala wasizijumlishe pamoja.

Wahoji wa tafiti za afya ya uzazi,
Dar es Salaam