Barua kwa mpwa wangu anayejiita mzalendo

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama pale ulipoandika kwamba wewe si mbaguzi bali ni mzalendo tu, na kwamba watu wa rangi ya yule jirani yako hawawezi kuwa wenzetu hata wakipewa uraia. Najua unaipenda nchi yako kwa dhati, na ndiyo maana siwezi kunyamaza.

Mzalendo humdai mwenzake jambo linalotendeka: atii sheria, alipe kodi, aitetee nchi ikivamiwa. Mbaguzi humdai jambo lisilowezekana kwa yeyote, yaani azaliwe upya na wazazi wengine. Sisemi kwamba utaifa hauna madhara, kwa kuwa mwaka 1914 ulichangia kuwaingiza vitani mamilioni ya watu wa Ulaya waliokuwa wa rangi moja. Katika vita hiyo Wayahudi wapatao 100,000 walivaa sare za jeshi la Ujerumani, na takribani 12,000 kati yao wakafa. Lakini Sheria za Nuremberg za mwaka 1935, zilizotungwa na utawala wa Hitler, ziliwavua uraia waliosalimika, kwa kuangalia dini ya babu na bibi zao, si makovu waliyorudi nayo.

Afrika Kusini nako, baada ya sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi, ofisa aliyekuwa na shaka aliweza kuichomeka penseli katika nywele za mtu aliyesimama mbele yake. Ikianguka, huyo huenda akaandikwa Mzungu. Ikinasa, basi tena. Ndugu wa tumbo moja waliwekwa makundi tofauti. Niambie, mpwa wangu, penseli ile ilipima mapenzi gani kwa nchi?

Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, baadhi ya wabunge walitaka uraia uwe wa Waafrika peke yao. Nyerere, ambaye hakuna anayeutilia shaka uzalendo wake, alisimama bungeni akapinga, akishikilia kwamba uraia ujengwe juu ya uaminifu kwa nchi na wala si rangi ya ngozi.

Sasa nirudi kwa yule jirani uliyemtaja. Umeniandikia rangi yake, jina la ukoo wake na alikotoka babu yake, lakini hukuandika hata kosa moja alilolitendea taifa. Kama lipo, niandikie hilo.

Mjomba wako