Chumba cha leba nacho kina mila zake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala unaoendelea katika ukurasa huu wa barua, ambapo wasomaji kadhaa wamewalaumu wanawake wanaojifungulia nyumbani kwamba wanang'ang'ania mila na kuikimbia sayansi. Nilifanya kazi ya ukunga kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na ninakubaliana na nusu ya lawama hizo. Nusu iliyobaki inatuhusu sisi tuliovaa sare, kwa sababu mengi tuliyowalazimisha akina mama kuyafuata hayakuwa sayansi. Yalikuwa mila pia, ila mila za hospitali.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Usiku mmoja nilimpokea mama wa uzazi wa tatu ambaye njia ilikuwa imeshafunguka sentimita 8. Kila uchungu ulipomjia alishuka kitandani, akashika chuma cha ubavuni na kuchuchumaa. Nilimwamuru apande alale chali. Alipanda, lakini uchungu uliofuata ukamshusha tena, akaniambia kwa sauti ya chini, "Sista, nikilala mtoto hashuki." Nilimjibu kwamba kama anajua kuzalisha kuliko mimi, angebaki kwao. Basi akalala, akasukuma kwa muda mrefu, nikamwongezea njia kwa mkasi, na mtoto akatoka akilia. Kwa miaka mingi niliihesabu zamu ile miongoni mwa zamu zilizokwenda vizuri.

Kulala chali kunampa anayezalisha nafasi ya kuona na kushika anachotaka bila kupiga magoti, na sababu kubwa ya mtindo huo kudumu ni hiyo. Kwa mama mwenyewe una kasoro zake, kwani tumbo la mimba iliyokomaa hugandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama akahisi kizunguzungu na damu inayomfikia mtoto ikapungua. Hayo tulifundishwa darasani. Kisha tukaingia wodini, tukakuta vitanda vyenye vyuma vya kuwekea miguu, na kitanda kikalishinda darasa. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa kunyoa sehemu za siri na kupiga enema, yaani kuingiza maji njia ya haja kubwa ili kusafisha utumbo, kila mama aliyefika na uchungu, mambo ambayo hospitali nyingi duniani ziliyafanya kwa miongo kadhaa kana kwamba uhai wa mtu unayategemea, hadi utafiti ulipoonyesha kwamba hayana faida.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma wakati wa kujifungua unaoagiza kwamba mama achague mkao anaoutaka, awe na msindikizaji aliyemchagua mwenyewe, kuongeza njia kusifanywe kwa kila mzazi kama kawaida, na asiharakishwe kwa dawa kwa sababu tu njia haikufunguka sentimita 1 kwa kila saa. Nilipousoma nilikuwa karibu kustaafu, na sikuweza kuacha kufikiri juu ya yule mama aliyeshika chuma cha kitanda, ambaye alilijua la mkao bila kusoma popote.

Wanaodhani kwamba kusikiliza desturi za akina mama ni kurudisha huduma nyuma waangalie kilichotokea nchini Peru. Katika eneo moja la milimani mkoani Ayacucho, mwaka 1999 ni wajawazito 6 tu kati ya 100 waliojifungulia katika kituo cha afya. Kituo kilikuwepo na wahudumu walikuwepo, lakini wanawake waliozoea kuzaa wamechuchumaa, wakiwa na ndugu zao karibu, hawakukubali kulazwa chali mbele ya wageni wasiojua lugha yao ya Kiquechua. Badala ya kuwahubiria, wahudumu walikaa nao pamoja na wakunga wa jadi wakawauliza wanataka nini. Ikafungwa kamba ya kushikilia, kikawekwa kibao cha kukalia, ndugu na mkunga wa jadi wakaruhusiwa kuingia, na Kiquechua kikatumika chumbani. Kufikia mwaka 2007, waliojifungulia kituoni walikuwa 83 kati ya 100. Kamba na kibao, Mhariri, havihitaji mkopo wa kimataifa. Serikali ya nchi hiyo ilikwisha kutoa mwongozo wa kitaifa kuhusu kujifungua kwa mkao wa wima, yaani bila kulala chali, mnamo mwaka 2005.

Nchi nyingine nazo hazifanani katika jambo hili, na tofauti hizo zinaonyesha kwamba hakuna "uzazi wa kisasa" wa aina moja. Uholanzi wapo wanaochagua kuzalia nyumbani na mkunga aliyesomea, na baada ya kujifungua mhudumu maalumu huenda nyumbani kwa siku kadhaa kumwangalia mama, kupima joto la mtoto na kusaidia unyonyeshaji. Japani ni kawaida mwanamke kurudi kwa wazazi wake mimba inapokaribia kutimia na kukaa huko wiki kadhaa baada ya kuzaa. Uingereza, ambako katika miaka ya 1950 baba aliyeingia leba angeonekana kituko, leo anayekosa kuingia ndiye anayeulizwa sababu. Brazil zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa kwa upasuaji, ingawa vifo vya akina mama na watoto wachanga haviendelei kupungua upasuaji unapozidi takribani asilimia 10 ya uzazi wote. Nchi hiyohiyo ilipitisha sheria mwaka 2005 inayompa mzazi haki ya kuwa na msindikizaji katika hospitali za umma. Suala hili la msindikizaji wala si la huruma tu, kwani uchambuzi wa majaribio 26 yaliyohusisha wanawake zaidi ya 15,000 ulionyesha kwamba mama mwenye mtu wa kumshika mkono muda wote ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaa kwa njia ya kawaida, na uchungu wake huwa mfupi kidogo.

Nisieleweke kwamba nawaambia wanawake wabaki nyumbani. Mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki duniani kutokana na mimba na uzazi, na mzazi anayevuja damu nyingi anaweza kukata roho ndani ya saa 2, muda ambao hautoshi kutafuta usafiri. Hata mkao wa wima una la kuangaliwa, maana katika baadhi ya tafiti damu iliyotoka ilikuwa nyingi zaidi kidogo, kwa hiyo mkunga hana budi kuwa na dawa ya kukaza mji wa mimba tayari mkononi. Nimewahi kupokea akina mama waliocheleweshwa nyumbani siku nzima huku wakinyweshwa dawa za mitishamba, na sina la kuitetea desturi hiyo.

Ninachoomba kwa wenye mamlaka ni kidogo sana. Kadi ya kliniki ina nafasi ya kundi la damu, shinikizo, urefu wa mama na tarehe ya matarajio. Iongezwe mistari miwili: ungependa kujifungua katika mkao gani, na nani aingie nawe. Mkunga aisome kadi hiyo kabla ya kumwelekeza mama kitandani, na pale hali inapolazimu vinginevyo, amweleze sababu kwa maneno anayoyaelewa.

Fomu za usiku ule nilizijaza mwenyewe. Niliandika saa aliyozaliwa mtoto, uzito wake, kiasi cha damu na idadi ya nyuzi nilizoshona. Kwenye nafasi ya maoni niliandika kwamba mzazi hakutoa ushirikiano.

Wako,
Mkunga mstaafu