Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: na bahari nayo ifanyiwe tathmini

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Nakuandikia kuhusu mradi wa kusindika gesi asilia pale Likong'o, Lindi, na hasa kuhusu watu wasiomo kwenye daftari la fidia.

Sipingi gesi. Tangu bomba la gesi la kutoka Madimba, Mtwara, hadi Dar es Salaam likamilike mwaka 2015, nchi imepata umeme, na sisi wa Kusini tumeonja, ingawa si kwa kiasi tulichoahidiwa. Hilo la ahadi leo naliweka kando.

Mthamini akifika huhesabu minazi, mikorosho, nyumba na makaburi, akafunga daftari. Kanuni za fidia za mwaka 2001 zinatambua pia hasara ya faida: faida halisi ya mwezi mara miezi 36. Ila ni ya biashara inayofanyika juu ya ardhi inayotwaliwa, tena ithibitishwe kwa hesabu zilizokaguliwa inapobidi. Sasa mama anayeshuka mwambani bamvua likishatoa maji, mkonzo mkononi, akachokoa pweza na kumuuzia mchuuzi palepale ufukweni, anaingia fungu gani? Mwamba si ardhi yake, na mkaguzi wa hesabu hajawahi kumwona. Pengine hana hata mnazi mmoja, maana shamba ni la mume au la ukoo. Lakini unga wa nyumbani na daftari za watoto hutoka kwenye mwamba uleule.

Kiwanda kitahitaji gati, na meli za gesi hutengewa eneo la usalama ambalo mtumbwi hausogei. Wenye ngalawa na mashua watazunguka, wachome mafuta zaidi au wavute kasia zaidi. Wa mwambani hana pa kuzungukia.

Ninaloomba ni hili. Kabla ujenzi haujaanza, wizara yako ikae na wizara ya uvuvi pamoja na BMU, yaani vikundi vya wanajamii vya kusimamia rasilimali za uvuvi, za pale, waorodheshwe wote wanaokula kwa bahari, hata wasio na chombo wala leseni. Kipato chao kipimwe misimu yote miwili ya upepo, kusi na kaskazi, si kwa ziara ya siku moja. Njia za kwenda mwambani zichorwe kwenye ramani ya mradi, na ramani ibandikwe ofisi ya mtaa. Na kama kuna mwamba utakaofungwa, tuambiwe mapema ni upi, na kuanzia lini.

Wako,
Mwananchi wa pwani ya Kusini