Kwa mdogo wangu wa Tabora, kabla hujalipia kozi ya ualimu wa yoga

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa jikoni nageuza migebuka. Umepata kozi ya mwezi mmoja, unatoka na cheti cha saa 200, na malipo ya awali yanatakiwa kabla ya Ijumaa. Ukamalizia: "Dada, mimi napiga msamba mpaka chini, watanifundisha nini tena?" Nakujibu hapa hadharani kwa sababu si wewe wa kwanza kuniuliza.

Msamba wako nimeuona kwenye video, hongera. Darasani hakuna atakayeuulizia.

Mimi nami nilikwenda Nairobi kwenye kozi kama hiyo, najiona fundi. Unakumbuka mama mdogo alivyokuja stesheni na dumu la asali, akasema nikawape walimu? Siku ya kwanza nikaambiwa nimfundishe mwenzangu kusimama. Kusimama tu, mkao wa Tadasana, dakika tano, bila mimi mwenyewe kuonyesha chochote. Nikasema nyayo, magoti, mabega. Dakika ya pili maneno yakaniishia, mwenzangu kasimama kama mlingoti ananitazama. Hapo ndipo nilipojua nimekuja kusomea nini.

Piga hesabu. Saa 200 kwa mwezi mmoja ni siku 25 za saa nane nane: alfajiri mazoezi na pumzi, mchana masomo, jioni mnafundishana. Kwa viwango vya Yoga Alliance, angalau saa 75 ni za mikao, pumzi na kutafakari, 30 za anatomia, 30 za historia na falsafa, 50 za ufundishaji wenyewe. Hao Yoga Alliance ni chama cha Marekani kilichoanza 1999, wanaweka daftari la shule na walimu. Kujisajili ni hiari. Cheti unapewa na shule, na si leseni ya serikali, kwa hiyo mtu asikutishe nacho, na wewe usitutishe nacho.

Anatomia isome kwa machozi kama ikibidi. Nilikuwa nadhani anayeshindwa kuchuchumaa mpaka chini ni mvivu wa mazoezi. Kumbe tundu la nyonga la huyu lina kina na la yule ni la juu juu, na mfupa ukishagonga mfupa, hata anyooshe miaka kumi hapiti hapo. Utajifunza pia kwamba mwenye presha ya kupanda au presha ya macho humsimamishi kichwa chini, na mjamzito mwenye tumbo kubwa humlazi chali muda mrefu. Ndiyo maana kabla ya somo unauliza maswali.

Mimi sikuuliza. Nilikuwa na cheti changu kipya, darasa la akina mama hapa Mwanga, Kigoma, na mmoja wao huanika dagaa mwaloni, ufukweni Kibirizi. Yule mama anainama kutwa nzima miguu ikiwa imenyooka, kuinama kwake si kazi. Nikamwona kwenye mkao wa kuinama mbele, nikamkandamiza mgongo kidogo ili "afike". Alikuwa ameshafika. Wiki mbili hakwenda mwaloni, dagaa wake wakaanikwa na binti yake, na mimi nikawa napeleka uji na aibu yangu. Mpaka leo simgusi mwanafunzi kabla hajaniruhusu, na mara nyingi naacha mdomo ufanye kazi.

Na huo mdomo ni wa Kiswahili, jambo ambalo kozi yangu haikunifundisha. Majina yalikuwa ya Kisanskriti, maelekezo ya Kiingereza. Adho Mukha Svanasana maana yake mbwa anayetazama chini. Kawaambie wanawake wa Ujiji waliotoka kuswali alfajiri wakae kama mbwa! Mimi nauita paa la nyumba, wanaelewa mara moja: mikono na miguu ni kuta, makalio ndiyo kilele. Savasana, ule wa kulala mwishoni, ni mkao wa maiti. Bibi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi bado." Sasa tunaita mapumziko. Halafu jizoeze kusema "kulia" huku wewe ukiinua kushoto, maana wanakutazama kama kioo. Nilipata wazimu wiki nzima.

Falsafa haitakusumbua. Utasoma beti 196 za Patanjali, mwanafalsafa wa yoga wa India ya kale, na utashangaa kwamba zinazozungumzia mkao moja kwa moja ni tatu tu. Shika ahimsa, kutodhuru. Ningeishika mapema, yule mama angeanika dagaa wake.

Kwa hao wanaotaka hela Ijumaa, waulize jambo moja: nitafundisha watu halisi mara ngapi, na nani atakaa pembeni kuniangalia na kunisahihisha? Wakikujibu kwa picha za ufukwe, nyamaza na hela yako.

Ila kabla ya hao, panda treni uje. Jumamosi saa 12 asubuhi nina akina mama wanane. Nitakupa nusu saa uwafundishe, umesimama, mikono nyuma, huonyeshi kitu. Mama wa dagaa atakuwa mstari wa mbele, nimeshamwambia. Mikeka ipo, lete asali.

Dada yako, Kigoma