Damu imekoma, lakini maisha je?

Tanga

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na watoto wanakuamkia. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Unasema daktari wa kolaitisi yako amefurahi: damu ya chooni imekoma, choo kimerudi kuwa mara mbili tatu kwa siku, akakwambia unaendelea vizuri. Halafu mwishoni ukaongeza kamstari kamoja kama mtu anayeona haya: "Mbona basi sina maisha?" Hilo ndilo nitakalokujibu leo, mengine tutaongea kwenye simu.

Una haki kabisa ya kuliuliza, tena umuulize daktari mwenyewe. Mwaka 2021 mabingwa wa kimataifa wa maradhi haya yetu ya uvimbe wa muda mrefu wa utumbo, yako kolaitisi na yangu Crohn, walipopanga upya malengo ya matibabu, walitaja waziwazi kwamba mgonjwa arudishiwe ubora wa maisha yake, sambamba na kupona kwa vidonda ndani ya utumbo. Na kabla ya hapo, mwaka 1989, watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walitoa dodoso la maswali 32 la kupima jinsi sisi tunavyoishi. Choo na maumivu yamo, ndiyo, lakini wanakuuliza pia kama umechoka, kama umekata tamaa, kama umeahirisha mwaliko kwa sababu ya tumbo, kama unaogopa kwenda mahali usipojua choo kiko wapi. Niliposoma hilo la mwisho nililia. Kumbe kuna watu waliokaa mezani wakaona kwamba hofu ile ni sehemu ya ugonjwa!

Sasa tuje kwako. Uchovu kwanza, maana ndio unaokumaliza. Kwa maradhi yetu uchovu huwashika wengi hata utumbo ukiwa umetulia, kwa hiyo asikwambie mtu umekuwa mvivu. Umepoteza damu muda mrefu, basi omba wakupime wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma mwilini. Vidonge vya chuma vikikuchafua tumbo, sema. Ipo ya kutundikiwa kwenye mshipa. Mimi mwenye Crohn wananiangalia na vitamini B12, kwa sababu hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba, na hapo ndipo Crohn hupenda sana kushambulia. Yako ya kolaitisi imekaa kwenye utumbo mpana, kwa hiyo hilo kwako si kubwa.

Usingizi nao. Kama bado unatumia prednisoloni, ile dawa ya kutuliza uvimbe, muulize daktari kama unaweza kuimeza asubuhi baada ya chai, maana ikimezwa jioni huweka watu macho. Huo uso uliojaa unaouchukia kwenye picha ni dawa hiyo hiyo. Dozi ikishushwa nao hupungua. Nakusihi usiikatishe ghafla kwa hasira ya kioo. Mwili ukishaizoea hupunguza kutengeneza homoni yake wenyewe, na ukiiacha kwa mkupuo unaweza kuanguka vibaya.

Viungo vikiuma usikimbilie diklofenaki wala ibuprofeni ya duka la dawa. Zinaweza kuuamsha ugonjwa. Omba parasetamoli.

Kuhusu chakula nitasema kidogo tu, kwa sababu kila jirani ana orodha yake. Hakuna mlo mmoja unaotufaa wote. Umeniambia umebaki na uji na ndizi za kuchemsha. Shoga, huko ni kujinyima nguvu ukiwa tayari huna. Rudisha samaki, rudisha yai, kimoja kimoja, uone tumbo linasemaje.

Najua pia kwa nini hukuja kwenye arusi ya mdogo wangu. Basi la kutoka Morogoro hadi huku ni saa nyingi, na kuchimba dawa vichakani mbele ya abiria wote ni adhabu kwa mtu ambaye tumbo halimpi hata dakika tano. Mimi huwahi stendi kabla gari halijajaa, namwita konda pembeni, namwambia: "Mwanangu, naumwa tumbo la muda mrefu, nikikuomba msimame usinibishie." Wa mara ya mwisho alinihamishia kiti cha nyuma ya dereva, akaniambia nikihitaji nimguse bega tu. Kwenye mkoba nina kanga ya ziada, nguo ya ndani, chupa ya maji, sabuni na mfuko mweusi. Mara nyingi havitoki, lakini vikiwapo hata tumbo lenyewe hutulia.

Yale maneno ya wakweo kuhusu kukonda kwako, na kile kikombe walichokutengea, yameniuma mno. Maradhi haya hayaambukizi kwa kikombe, wala kwa sahani, wala kwa kitanda. Mwombe mumeo aingie nawe kwa daktari asikie kwa masikio yake, kisha yeye ndiye akawaambie kwao. Na kama huzuni imefika pale pa kutotaka kuamka asubuhi, hilo nalo lina matibabu, litaje hivyo hivyo lilivyo.

Kliniki ijayo usisubiri kuulizwa umekwenda choo mara ngapi. Andika kwenye karatasi: sifiki sokoni bila kupumzika, silali, nimeacha kwenda kwenye shughuli za watu, siku hizi nalia. Mkabidhi asome. Akikujibu kwa mkato, muulize tena kwa upole, "Haya nayo tutayatibuje?"

Niandikie siku ya kliniki ikijulikana, nikupigie usiku wake tuiandike hiyo karatasi pamoja.

Akupendaye,
Shogayo