Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Meya: vitatu nimesamehe, naomba choo kimoja

Mheshimiwa Meya, shikamoo. Najua huku Marekani hakuna shikamoo lakini mi nimelelewa Tanga, siwezi kumwandikia mkubwa bila kumsalimia. Na Kiswahili natumia kwa makusudi. Kwa Kiingereza nimeshaandika mara nne, 311, ile namba ya simu ya huduma za jiji, nimepiga mpaka ule muziki wao wa kusubirisha watu nauimba nikikaanga sambusa, na kipeperushi chenu kinasema Kiswahili ni moja ya lugha mnazotafsiri, basi haya, tafsirini na hii.

Jumanne nimepokea barua yenu. Faini dola 250, eti nimeacha uchafu mbele ya duka. Uchafu gani haijasema, ngoja niseme mimi maana ndo ninaeufagia: kinyesi. Cha binadamu. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi kabla hata sijabandika chai natoka na ndoo, jiki na ufagio, ila siku hiyo mkaguzi wenu aliniwahi kwa nusu saa. Nusu saa tu mheshimiwa.

Sasa nina swali la kijinga. Chini ya lile daraja la karibu na duka langu kuna mahema zaidi ya ishirini, wale watu mnataka waende wapi? Maktaba inafungwa saa mbili usiku, migahawani mlango wa choo una namba ya siri mpaka ununue kahawa. Mtu akishakula lazima aende, hilo nalo linataka kamati? Kwetu stendi ya mabasi ina choo, mlangoni kakaa dada na kibakuli cha sarafu, unalipa unaingia, hakinukii marashi lakini kipo. Kumbe hata huku vya kulipia vilikuwepo, watu wakalalamika kwamba si haki kumtoza mtu kwa haja yake, Chicago wakavipiga marufuku 1973 na miji mingine ikafuata. Nia nzuri kabisa. Ila vya bure vya kuziba hilo pengo ndo hatujaviona mpaka leo.

Utasema bajeti. Mheshimiwa, San Francisco mwaka 2022 walitangaza choo kimoja, KIMOJA, dola milioni 1.7, nchi nzima ikacheka, aibu ilipozidi wakapewa jengo la choo kama msaada na 2024 kikafunguliwa kwa hela kidogo tu ukilinganisha na ile. Kwa hiyo iliwezekana. Seattle nao 2004 walileta vitano vya kujiosha vyenyewe, milioni 5, vikageuka vijiwe vya madawa, 2008 wakavinadi mtandaoni vyote vitano kwa dola elfu kumi na mbili na ushee. Watu wenu wanapenda sana kunipigia huo mfano wa Seattle, eti umeona mama, wenzetu walijaribu. Hapana. Walijaribu mashine, mlangoni hawakumweka mtu. Yule dada wa stendi angewaambia bure. Haohao San Francisco tangu 2014 wanaweka vyoo vyenye mhudumu kule mtaa wa Tenderloin na vinatumika.

Au tunasubiri ya San Diego? Kule homa ya ini ya aina A, ile inayoenea kwa kinyesi, ilianza mwishoni mwa 2016, watu karibu 600 wakaugua, 20 wakafa, wengi wao wa mitaani, na vifo vimeshaanza kuhesabiwa ndo jiji likakimbilia kuleta vyoo na sehemu za kunawia na kuosha barabara kwa jiki. Jiki ninayo mimi, ya kwangu, kwa hela yangu.

Hali ya duka siisemi sana ntalia. Wateja wangu Wakongo na Warundi walikuwa wanajaa jumamosi kununua unga wa muhogo na dagaa, sa hivi mama mwenye watoto wawili hawezi kuwarukisha pale mlangoni, duka jirani limeshapigwa mbao madirishani, kodi yangu inapanda tu. Na hao wa mahemani si walevi wote kama mnavyosema mikutanoni. Yupo mama alikuwa mteja wangu, anasafisha maofisi usiku, alipandishiwa kodi akahamia kwenye gari, gari likavutwa, akahamia kwenye hema. Mi nadhani chanzo ni kodi, madawa yanakuja baadae, labda nakosea. Ila Mahakama ya Juu iliposema Juni 2024 kwenye ile kesi ya mji wa Grants Pass, Oregon, kwamba jiji ruksa kumtoza faini anayelala nje mlikuja na malori siku ya pili yake, kwenye hilo hamkuwa na tatizo la bajeti. Wakahama upande wa pili wa daraja. Wiki ya pili wakarudi.

Choo cha dukani nilikuwa nawaachia. Januari kijana mmoja akajifungia dakika arobaini, zimamoto wakavunja mlango, kumbe kazidisha dawa, akapona Mungu mkubwa. Mwenye jengo akaniambia ikijirudia nafungasha. Sasa kuna mzee mmoja, alipigana Vietnam, miguu imemvimba, anakuja saa moja asubuhi, anavua kofia, anaomba. Namwambia kimeharibika. Mwezi wa tano huu kimeharibika. Na yeye anajua ni uongo, ananipa pole ya choo, anatoka zake taratibu. Marehemu mama yangu hajawahi kumnyima mpita njia maji wala choo, na mi nimekuja mpaka Marekani kujifunza kunyima.

Wakati wa kampeni ulikuja dukani, ukala sambusa mbili (sikukutoza) ukasema vyoo vitatu kabla ya kiangazi. Picha ninayo. Kiangazi cha mwaka gani ndo hukutaja. Vitatu nimesamehe. Naomba kimoja, pale darajani, hata vile vya plastiki vya mafundi ujenzi, na bomba la maji, na mtu wa kukaa mlangoni usiku. Mumlipe. Kimoja tu mheshimiwa.

Faini ntakuja kuilipa mwenyewe ijumaa, pale dirishani kwenu ghorofa ya kwanza. Foleni yenu naijua, inaweza kufika masaa mawili, na mi nina kisukari. Nikibanwa ntaomba choo. Tafadhali msiniambie kimeharibika.