Mjadala wa Jumamosi: deni la nje

Habari zenu wanakikundi. Jumamosi ni saa nane mchana, palepale Kaloleni. Mada ni deni la nje la nchi maskini, na tutaanzia kwetu. Mwaka 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa hatifungani (hati za mkopo ambazo serikali huwauzia wawekezaji) za miaka 10, riba 6.875%. Februari 2024, ili kulipa sehemu kubwa ya deni hilo, ikakopa bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75%. Yaani unakopa ulipe mkopo, tena kwa bei ghali zaidi! Zambia ilishindwa kulipa 2020, Ghana 2022. Nani hupanga riba hizi? Mliosoma uchumi, njooni na majibu, istilahi ziacheni chuoni. Chai ipo, mandazi tuchangie.